Kabla ya kutuuzia homoni, tuambieni nani kapima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na kama barua itakuwa ndefu naomba usinikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Ramadhani na sijapata pa kulisemea.

Juzi nimekuta kwenye ukurasa wa afya lile tangazo la dawa ya kurudisha homoni za ujana, limejaa nusu ukurasa, linasema inasafisha kongosho, inaondoa sukari, inasawazisha homoni kwa wanaume na wanawake na mtu wa miaka 60 anarudi kama wa 35. Nikasoma mara mbili. Nilikuwa natafuta sehemu moja tu, pale wanaposema wamempima nani, lini, alikuwa na kiasi gani na baada ya dawa akawa na kiasi gani. Haipo. Hakuna namba hata moja zaidi ya bei na ya simu.

Mimi ni mama wa miaka 66, mstaafu, nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka 31, mingi ya hiyo hapa hapa Tanga. Sio daktari na sijidai daktari. Kazi niliyofundishwa ni kupima, na ndio maana ukiniambia homoni zimeshuka swali langu la kwanza ni zimeshuka kutoka ngapi mpaka ngapi na kapima nani.

Na tangazo lile lisingeniuma hivi kama nisingekuwa na mama mdogo Ngamiani. Ana miaka 73, ana sukari mwaka wa 14 huu, alikuwa anakunywa vidonge vyake vya metformini asubuhi na jioni vizuri tu, kliniki anakwenda. Mwaka jana likapita gari la matangazo na spika juu, likasimama karibu na Tangamano, kijana mmoja msafi, anaongea vizuri, anamwita kila mtu mama yangu baba yangu, akawaambia wazee kwamba sukari maana yake kongosho limelala halitoi homoni na vile vidonge vya hospitali ndio vinazidi kulilaza, yeye ana dawa ya kuliamsha. Chupa moja 35,000, dozi chupa tatu. Mama mdogo alitoa hela yake ya vikoba aliyoweka kwa ajili ya bati. Metformini akaifungia kabatini.

Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua kwa mjukuu wake wa darasa la pili ambaye jioni moja alisema bibi mbona mkeka una damu. Alikuwa amekanyaga kipande cha kifuu uani, kimeingia kisiginoni, kimekaa humo haijulikani tangu lini na yeye hasikii chochote, anatembea nacho na ndara zake anakwenda sokoni Mgandini anarudi. Nilipofika nikamtoboa kidole nikaweka damu kwenye kile kimashine changu, kikaandika HI. Wasiojua, hiyo sio salamu. Maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma, na yangu inasoma mpaka 33 (milimoli kwa lita). Nimeshika vidole vya watu maelfu kwa maelfu lakini siku ile mkono ulinitetemeka kwa sababu kile kidole ndicho kilichokuwa kinanilisha bada na samaki nikiwa mtoto.

Alilazwa wiki tatu kasoro. Kisigino kilipona, kidole kimoja cha mguu wa kushoto kiliondoka. Namshukuru Mungu na wauguzi wa pale.

Sasa Mhariri, kuna mtu mmoja nataka wasomaji wako wamjue, maana huyu kijana wa spika asingeweza kusema uongo ule kama watu wa Tanga wangekuwa wanayajua maisha ya mama huyu japo nusu. Anaitwa Rosalyn Yalow. Kazaliwa New York mwaka 1921, mtaa wa Bronx, wazazi wake wote wawili hawakufika hata sekondari, baba alikuwa na kibiashara kidogo cha karatasi na kamba. Binti akapenda fizikia. Kwa wakati ule msichana wa fizikia aliambiwa bora awe mwalimu, na ili apate mlango wa chuo ilibidi ajifunze ukarani wa hati mkato kwanza, kwamba ataingia kama karani wa profesa alafu atajipenyeza kwenye masomo. (Mimi nilivyosema nataka maabara baba alisema kwanini sio unesi, kwahiyo hapo nilimuelewa kabisa.) Ikaja vita kuu ya pili, wanaume wakaenda jeshini, vyuo vikawa na nafasi, mwaka 1941 akaenda Illinois, na katika kitivo kizima cha watu 400 alikuwa mwanamke peke yake. Mwaka 1945 akamaliza shahada ya uzamivu (PhD) ya fizikia.

1947 akaanza kazi hospitali ya wanajeshi wastaafu huko huko Bronx. Hakuna maabara. Wakampa chumba kilichokuwa cha kuwekea mafagio na ndoo za usafi, humo ndio akaanzia, na vifaa vingine alivitengeneza mwenyewe na wenzake. 1950 akaungana na daktari mmoja, Solomon Berson, na wale wawili walifanya kazi pamoja miaka 22 mpaka Berson alipofariki mwaka 1972. Yalow anajua fizikia, mwenzake anajua mwili wa binadamu, wanabishana kutwa na kazi inakwenda.

Swali walilolishika ni hili hili la kongosho. Kulikuwa na daktari aliyetoa wazo kwamba mtu mzima mwenye sukari insulini yake, yaani ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, inaharibiwa haraka mno mwilini, haipati muda wa kufanya kazi. Wazo zuri tu la kusikiliza. Wao wakasema tupime. Wakachukua insulini wakaitia ayodini yenye mionzi kidogo ili waweze kuifuatilia ilipo, wakawachoma watu, alafu wakawa wanachukua damu kila baada ya muda wanaangalia imebaki ngapi. Wakakuta kinyume. Kwa waliokuwa wanatumia insulini ya kuchoma, ambayo wakati huo ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, ilikuwa inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi badala ya kupotea haraka. Kwanini? Mwili ulikuwa umeshatengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kujilinda na vitu vigeni, zinazoishika ile insulini ya mnyama na kuing'ang'ania.

Wakaandika. Mwaka 1955 majarida makubwa yakawakatalia, wataalamu wa siku zile waliamini kwamba kitu kidogo kama insulini hakiwezi kuufanya mwili utengeneze kingamwili. Wakaandika tena, wakabishana na wahariri, na 1956 kazi ikatoka kwa sharti la kuondoa lile neno kingamwili kwenye kichwa cha habari. Yule mama ile barua ya kukataliwa aliitunza miaka zaidi ya 20, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 aliionyesha kwenye hotuba yake mbele ya watu.

Na ule ugunduzi ukawapa kitu kikubwa zaidi ya jibu walilokuwa wanalitafuta, njia ya kupima homoni yenyewe kwenye damu. Nitaeleza kwa daladala maana ndivyo nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakinielewa. Chukua daladala ya kwenda Raskazone yenye siti 10 na mtu wa kusimama haruhusiwi. Wewe una abiria wako 10 umewavalisha kofia nyekundu. Wakiwa peke yao wote watakaa. Sasa kituoni kuna abiria wengine wasio na kofia, hujui ni wangapi, nao wanagombania siti zile zile. Gari likiondoka unahesabu kofia nyekundu zilizopata siti. Zikiwa 5 unajua wale wengine walikuwa kama 10. Zikiwa 2 tu unajua walikuwa kama 40. Yaani umewahesabu watu ambao hukuwaona kabisa, kwa kuhesabu kofia. Siti ndio kingamwili, kofia nyekundu ndio insulini yenye mionzi, na wale wasio na kofia ndio insulini ya mgonjwa iliyomo kwenye damu yake.

Ukisikia hivyo inaonekana rahisi. Lakini mtu mzima mwenye afya aliyelala bila kula, insulini kwenye mililita moja ya damu yake haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kabla ya 1959 walipoitangaza njia hii hakukuwa na namna ya kuipima vizuri kwenye damu ya mtu mmoja mmoja. Nilipoanza kazi mimi, miaka ya 80, sukari yenyewe ambayo ni kitu kikubwa ukilinganisha na homoni tulikuwa bado tunaipima kwenye mkojo, ile dawa ya bluu ya benedikti mililita 5, unadondoshea matone 8 ya mkojo, unachemsha, unasubiri. Ikibaki bluu hamna, kijani ipo kidogo, njano, rangi ya chungwa, na ikifika rangi ya tofali unaandika alama nne za kujumlisha unamkimbilia daktari. Chumba kina moto wa spiriti na joto la Tanga la mwezi wa pili na harufu ile. Nikiyakumbuka haya ndio naelewa ukubwa wa mtu aliyetafuta bilioni ya gramu kwenye chumba cha mafagio.

Sasa walivyoanza kupima ndio ikaja habari ambayo ningetaka iandikwe ukutani pale Tangamano. Wakakuta watu wazima wengi wenye sukari, hii ya ukubwani, insulini wanayo, tena wengine wanayo nyingi kuliko wasio wagonjwa. Kongosho halijalala hata kidogo, linafanya kazi mpaka linatoka jasho, ila mwili umekuwa mgumu kuisikia ile insulini. Miaka ikipita ndio na lenyewe linachoka. Na metformini anayoambiwa mama mdogo kwamba inalilaza kongosho, kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini kumwaga sukari kwenye damu na mwili kuisikia insulini vizuri zaidi. Inalipunguzia kongosho mzigo.

Na nisieleweke vibaya kuhusu miti shamba. Bibi yangu alikuwa mganga wa majani wa Kisambaa huko Bumbuli na nilikuwa nambebea kapu, sidharau. Hata metformini chimbuko lake ni mti shamba, mmea wa Ulaya unaitwa galega, wakauchunguza wakakuta ndani yake kuna kitu kinachoshusha sukari lakini ni sumu, kondoo wakiula wanakufa, ndio wakatafuta ndugu yake kimaabara asiyekuwa na sumu ile. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akaandika matokeo ya kuwapa wagonjwa. Na bado walipima mpaka mwaka 1998 ndio utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha inapunguza vifo kwa wagonjwa wanene wa sukari. Miaka 41 hiyo, na dawa yenyewe ni kidonge cha bei ndogo kabisa.

Upande wa uzee nao tuseme ukweli. Tangazo linasema homoni zinashuka kwahiyo ziongeze utakuwa kijana. Kushuka zinashuka kweli baadhi yake, hilo halina ubishi. Mwaka 1990 kule Marekani, Daniel Rudman na wenzake waliwachukua wazee wanaume 21 wa miaka 61 mpaka 81, wakawapa 12 homoni ya ukuaji miezi sita, misuli ikaongezeka na mafuta yakapungua. Watu 12, miezi sita. Kumbe huko nje wafanyabiashara wakalidaka, zikafunguliwa kliniki za ujana za kuuza homoni ile kwa hela nyingi. Lakini mwaka 1996 Holly Brown-Borg na Andrzej Bartke, yule mtafiti wa asili ya Poland aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye homoni, wakaandika kuhusu panya vibeti ambao tangu kuzaliwa hawana homoni ya ukuaji. Wakawaacha waishi mpaka wafe wenyewe. Vibeti waliishi zaidi ya wenzao kwa karibu nusu ya umri na kuzidi. Miaka mitatu kabla yake Cynthia Kenyon kule San Francisco alikuta vijidudu vidogo vya udongoni, urefu wake milimita moja, ambavyo jeni lao moja (agizo la urithi ndani ya mwili) likiharibika kidogo wanaishi zaidi ya mara mbili, na 1997 ikajulikana jeni lile ni la kipokeo, yaani mlango wa kuipokea homoni, kinachofanana na kipokeo chetu cha insulini. Panya sio mtu na kijidudu sio mtu, najua, siwezi kusema tupunguze homoni. Ninachosema ni kwamba waliokaa na jambo hili miaka 30 na 40 wamekuta mambo yanayokwenda kinyume kabisa na tangazo.

Na kwa wanawake wenzangu ndio kabisa. Wanawake 16,608 wa Marekani waliokwisha koma hedhi waligawanywa, nusu wakapewa homoni za kike mbili na nusu vidonge visivyo na dawa ndani, kwa matumaini mazuri tu kwamba zitawalinda moyo. Mwaka 2002 wakausimamisha utafiti kabla ya wakati kwa sababu saratani ya matiti na kiharusi vilikuwa vinaongezeka kwa waliopewa. Homoni hizo hadi leo zina kazi yake, daktari anaweza kumpa mwanamke anayesumbuliwa na joto la ghafla, lakini kwa kipimo na kwa muda na akijua anampa nani. Sasa wewe unamuuzia mtu usiyemjua jina chupa ya "kusawazisha homoni", homoni zipi? Ziko zaidi ya hamsini mwilini.

Hata kwetu wapimaji walikuwepo na wapo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwemo Dk Andrew Swai, walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania, walikwenda kijiji kwa kijiji wakanywesha watu sukari wakapima damu, na wenye ugonjwa hawakufika hata mmoja kwa kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta karibu 9 kwa mia. Mmoja ulikuwa vijijini na mwingine nchi nzima kwahiyo huwezi kuziweka sawasawa kama mizani ya machungwa ya Muheza, lakini hata ukipunguza na kupunguza bado utaona tulipo. Hawa ni watu wetu, mnapopata nafasi ya ukurasa wa afya andikeni habari zao, vijana wa sekondari za Usagara na Galanosi wasome wajue kwamba kuna kazi kama hiyo duniani, unaamka asubuhi unakwenda kupima kitu kimoja na ukifa umeacha njia ya wenzako kupimia. Yalow na Berson ile njia yao hawakuisajili iwe mali yao, walisema itumike, na ndio maana vipimo vya tezi la shingo kwa watoto wachanga na homoni nyingine nyingi vikasambaa dunia nzima. Angeweza kuwa tajiri mkubwa sana yule mama. Alifariki 2011 akiwa na miaka 89.

Ombi langu Mhariri ni moja. Najua gazeti linaishi kwa matangazo na vijana wenu wana familia. Lakini tangazo la dawa likija mezani, kabla ya kupokea hela muulizeni mwenye dawa maswali matatu: umempima nani, kwa kipimo gani, na namba zake ziko wapi. Kama ana karatasi atawaonyesha. Na kama amesajiliwa na TMDA, ile mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, namba ya usajili haimshindi kuiandika. Mkifanya hivyo nyinyi na redio zikafuata, hata lile gari la spika litapata tabu kusimama Tangamano.

Mama mdogo hajambo, anatembelea fimbo, sukari jana asubuhi ilikuwa 7.8 na anaiandika mwenyewe kwenye daftari la mjukuu. Nimemsomea barua hii kabla ya kutuma, akasema niongeze kwamba katika zile chupa tatu moja bado ina nusu, iko kabatini kwake nyuma ya kopo la sukari guru, hajaitupa makusudi. Kama kuna mtu mwenye maabara yuko tayari kuipima ajue ndani mna nini, aje aichukue bure.

Mstaafu wa maabara,
Makorora, Tanga